Anakoishi Disebo

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya uani, mweupe kama chumvi, nikajua msimu wa supu umefika. Baridi ikishaingia hapa Mangaung, sisi akina mama wa kanisa huyatoa masufuria makubwa stoo, tukayasugua, na kila Jumanne na Alhamisi tunawapikia watu wanaolala kando ya ukuta wa reli. Mama Puseletso, mwenyekiti wetu, amenipa jiko mwaka huu tena. Alisema tangu nianze sijawahi kuunguza sufuria. Tumepika mifupa, maharage, shayiri na karoti, na mkate pembeni. Wamekuja wengi kuliko mwaka jana. Wengine hawasemi hata asante, wanageuka na makopo yao kama watu waliodhulumiwa. Nimerudi miguu inaniuma lakini moyo wangu mweupe.

Alhamisi, 8 Mei

Tulipomaliza sala ya Alhamisi tulitoka langoni na sare zetu kugawa supu. Mwanamke mmoja hakunyoosha kopo lake. Ni wa makamo yangu, mwembamba, kichwani amefunga kitambaa cha bluu kilichofuliwa mpaka kikapauka. Alinitazama kola nyeupe, akashuka kwenye blauzi nyekundu, akapanda tena kwenye kofia, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. Akaniuliza sala yetu huanza saa ngapi. Nikamwambia supu huanza saa kumi.

"Sijauliza supu, mama," akasema. "Nimeuliza sala."

Nikamjibu ni saa nane na mlango haufungwi. Anaitwa Disebo. Waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika kwamba foleni imelala.

Jumanne, 13 Mei

Maharage hayakuiva vizuri. Sina zaidi.

Alhamisi, 15 Mei

Amekuja. Alikaa benchi la mwisho, na wanawake wawili waliokuwa pale wakasogea mbele kana kwamba hawasikii vizuri. Ananuka moshi, siwezi kusema uongo. Lakini nyimbo anazijua zote bila kitabu, na anashika sauti ya pili imara, haiyumbi.

Wakati wa matangazo akasimama. Akasema anataka kuingia kwenye Umoja wa Akina Mama, avishwe sare. Mahali fulani upande wa madirisha mtu akacheka puani. Disebo akaendelea kama hakusikia. Alisema mama yake alikuwa mwanachama kule Thaba Nchu, na alipokufa akina mama waliimba tangu alfajiri hadi kaburi likafukiwa. "Mimi nikifa nitachukuliwa na gari la manispaa," akasema. "Chakula mnanipa, nashukuru. Lakini nataka kuwa na watu."

Mama Puseletso alimjibu kwa upole, maana si mtu wa maneno makali. Akamweleza utaratibu wetu wa siku zote: anayetaka kuvishwa sare huhudhuria sala, kisha akina mama humtembelea anakoishi, wakasali naye na kula naye. "Sasa wewe, mama, tutakutembelea wapi?"

Baadhi yetu tulitazama sakafu ili tusionekane tunacheka. Nimeandika "tulitazama" kwa sababu na mimi nilikuwemo.

"Nina ninapokaa," akasema Disebo. "Karibuni Jumamosi ya wiki ijayo."

Ijumaa, 16 Mei

Mpangaji wangu wa chumba cha uani amehama. Mwanangu Lefa amepiga simu kutoka Rustenburg, anasema nisiweke mtu hovyo, nitafute mwalimu au nesi. Nimefunga chumba na funguo ziko kabatini.

Jumamosi, 24 Mei

Tulikwenda watano. Mama Puseletso hakupenda, lakini akasema mtu akishakaribisha wageni huwezi kumwachia aibu ya kukaa peke yake. Tulivaa sare kamili. Watu wa kituo cha teksi walitupisha njia wakidhani tunakwenda msibani.

Kando ya ukuta wa reli, nyuma ya maghala, wamejibanza kwa maturubai na mabati. Sijawahi kufika. Miaka yote hii nimewapikia na sijawahi kupita langoni kwetu. Kwa Disebo ni pale ukuta unapopinda na upepo haufiki sana. Alikuwa amefagia ardhi mpaka nje, huko mbali kabisa, mistari ya ufagio inaonekana. Ametandika maboksi na juu yake blanketi. Jirani yake, mzee mmoja aitwaye Tieho aliyewahi kufanya kazi relini, alikuwa amevaa koti na tai, akatupokea kama mzee wa kanisa.

"Viatu msivue," akatuambia. "Kapeti limetoka kiwandani, ila ni kiwanda cha friji."

Akaninyooshea kidole. Akasema huyu namjua, huyu ndiye mama wa maharage, yale ya Jumanne yalitaka kumng'oa jino lake la mwisho. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Disebo alichemsha chai kwenye jiko la mafuta ya taa. Vikombe vilikuwa viwili na makopo matatu, vyote vimesuguliwa na mchanga vikang'aa. Mimi nilipewa kopo. Nililishika muda mrefu nikijifanya linaunguza. Nilikuwa nafikiria maji yametoka wapi. Kisha nikamwona Disebo hanitazami usoni, anatazama mkono wangu, na nikanywa. Ilikuwa chai kama chai nyingine, yenye sukari nyingi. Mama Puseletso alikiweka kikombe chake chini, akaanza sala, na baada ya sala hakukichukua tena. Disebo aliona. Tulipoondoka nilimwona Mzee Tieho akikinywa yeye.

Njiani nilimuuliza Mama Puseletso kama ziara imehesabika. Akasema atafikiri. Akasema kanuni inataka nyumba, na kile si nyumba.

Alhamisi, 29 Mei

Disebo amekuja kwenye sala. Benchi lile lile, peke yake.

Jumanne, 3 Juni

Upepo. Tumegawa supu ndani ya geti.

Alhamisi, 12 Juni

Baridi ya juzi na jana sijaiona miaka mingi. Bomba la uani limeganda. Leo foleni ilipofika, watu walikuwa wanaongea chini chini, na Disebo akaja bila kopo. Mzee Tieho amefariki. Walimkuta asubuhi amekaa, mgongo ukutani, koti limefungwa vifungo vyote. Polisi walikuja wakamchukua.

Nilimpa pole. Akashukuru. Akasema mzee hana ndugu anayejulikana, na wasipotokea atazikwa na manispaa. Akauliza kama Umoja unaweza kwenda kumwimbia. Nikamwambia nitalipeleka kwenye kikao.

Alhamisi, 19 Juni

Nimelipeleka. Mama Puseletso akasema Umoja huwazika wanachama na watu wa nyumba zao, na tukianza kumzika kila mtu wa ukutani tutakuwa makaburini kila wiki mpaka tuugue wenyewe. Hakusema kwa ubaya. Kuna akina mama kule wana miaka sabini na kifua. Mmoja akauliza: huyo mzee alikuwa hata mkristo? Hakuna aliyejua.

Mimi nilikunywa chai karibu naye. Nilijua alikuwa mtu wa mzaha na kwamba aliwahi kufanya kazi relini. Nilikuwa na neno la kusema, na nililishika mdomoni mpaka kikao kikafungwa. Disebo alikuwa benchi la mwisho. Alikuwa ananitazama kama alivyoutazama mkono wangu siku ile ya chai.

Jumanne, 24 Juni

Nimepika. Hakuja.

Alhamisi, 26 Juni

Hakuhudhuria sala, lakini kwenye supu alikuwepo. Nilipomjazia kopo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Mzee Tieho amezikwa juzi. Aliulizia mochwari kila siku hadi akapewa siku. Akatembea kwa miguu mpaka makaburini. Majeneza yalikuwa kadhaa, na vijana wawili wa manispaa. Alimtambua kwa kuuliza. Aliimba, na kijana mmoja akavua kofia.

"Nimeimba ya kwanza, nikaimba ya pili," akasema. "Ya tatu na ya nne nikawaachia ninyi nafasi."

Akachukua mkate wake akaenda. Nimerudi nyumbani nikakaa na sare yangu mpaka giza likaingia. Nimekuwa nikisema kwamba watu hawa hawashukuru. Leo sijui nilikuwa nataka wanishukuru kwa nini. Kumpa mtu supu ni jambo rahisi. Unapika, unagawa, unafunga geti.

Jumanne, 8 Julai

Sasa ni wiki mbili karibu, Disebo haonekani kwenye sala wala kwenye supu. Niliwauliza wenzake. Wakasema alikohoa sana, gari la wagonjwa lilimchukua Ijumaa.

Alhamisi, 10 Julai

Niliomba ruhusa kwenye sala nikaenda hospitali. Nilimkuta wodini, kitambaa chake cha bluu kimekunjwa vizuri chini ya mto. Ni homa ya mapafu. Anapumua kama mtu anayepanda mlima, lakini sista wa wodi anasema ameshavuka hatari. Sista akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema tunasali pamoja. Akaniuliza ataondoka kwenda wapi, maana akirudi kwenye baridi ile watampokea tena baada ya wiki, au hawatampokea kabisa. Nikasema nitaulizia.

Disebo hakuwa amelala, alikuwa amefumba macho tu. Sista alipoondoka akaniambia, "Usijisumbue, Mama Selloane. Mimi nina ninapokaa."

Jumamosi, 12 Julai

Mwalimu mmoja amekuja kuangalia chumba cha uani. Msichana safi, anaongea vizuri, angeweza kuhamia hata kesho. Nilimwonyesha dirisha, nikamwonyesha bomba, kisha nikasikia mdomo wangu unasema kwamba samahani, chumba kina mtu. Akashangaa. Akasema mbona kitupu. Nikasema anakuja.

Kisha nikaingia ndani nikaogopa.

Jumapili, 13 Julai

Lefa amepiga simu. Nilimweleza. Akaniuliza kama nimelogwa. Akasema mtu wa mtaani anakuja na mtaa wake wote nyuma, na kwamba yeye ndiye aliyepiga tofali za kile chumba kwa jasho lake la mgodini. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Mama, si uendelee kupika tu?" Nikamwambia nitaendelea kupika. Hatukuagana vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemchukua Disebo hospitali. Hakukubali upesi. Aliniuliza kama ni yeye ninayemtaka au ni dhambi yangu ya kikao kile ninayotaka kuifuta. Nikasema sijui, labda vyote. Akafikiri, akasema hilo jibu anaweza kulala nalo.

Jumatano, 23 Julai

Si rahisi. Anaamka kabla ya jogoo na kufagia uwanja, vumbi linaingia kwangu. Anavuta tumbaku nyuma ya choo akidhani sijui, na kifua chake kile. Ameihamisha mikebe yangu ya maua bila kuniuliza. Jana nilimpa sahani ya ugali na mboga dirishani, akaipokea, akairudisha imeoshwa, na akaniambia chumvi imezidi. Nilitaka kumwambia kitu. Nikaionja yangu. Imezidi.

Alhamisi, 31 Julai

Leo kikao kimezungumzia sare. Mama Puseletso alikuwa na furaha. Akasema mambo yamejipanga yenyewe, sasa Disebo ana nyumba, anakaa kwa Mama Selloane, tutamtembelea pale, na mwezi ujao avishwe. Akina mama wakapiga makofi. Nilifikiri yamekwisha.

Disebo akasimama akasema hapana. Akasema ameshatembelewa. Walikuja watano, aliwafagilia, aliwapikia chai, wakasali. Kama ziara ile haikuwa ziara, basi waliokuja siku ile walikuja kumtazama tu, kama watu wanavyotazama ajali. "Na Mzee Tieho alivaa tai," akasema.

Mama Puseletso akakunja uso. Akarudia kwamba kanuni inataka nyumba. Hapo nikasimama. Nikasema kanuni ninaijua, nilivishwa sare kwa kanuni hiyo hiyo mimi mwenyewe: inasema atembelewe anakoishi. Haisemi kwenye tofali wala kwenye bati. Siku ile aliishi ukutani na sisi tulikunywa chai kwake. Leo anaishi uani kwangu, na pale ndipo kwake. Ukimtembelea mara ya pili ni vizuri, lakini ya kwanza usiifute, kwa sababu ukiifuta ile umetufuta na sisi tuliokunywa.

Sikukusudia hilo neno la mwisho, lilitoka. Mama Puseletso aliinama. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kumhurumia, maana ni mwanamke aliyeupa Umoja huu maisha yake. Aliponyanyua uso alimwambia Disebo, mbele yetu sote, "Nilikuogopa, mama. Si chai. Niliogopa nikinywa nitaombwa kitu kingine."

"Na ungeombwa," akasema Disebo.

Tukapiga kura. Wawili hawakuinua mkono, na wana haki yao.

Alhamisi, 7 Agosti

Amevishwa. Mchungaji Ramatlo alisoma, na Mama Puseletso mwenyewe akamfunga kola. Mikono ya Mama Puseletso ilikuwa mizito na kifungo kikamkataa mara ya kwanza. Disebo alisubiri, kidevu juu. Hakulia. Tuliolia ni sisi. Upepo wa Agosti ulikuwa unagonga mabati ya paa, tukaimba juu yake.

Jumanne, 12 Agosti

Disebo sasa anagawa supu upande wangu. Watu wa ukutani wanamtania, wanamwita askofu, wanamwomba awabarikie mifupa iongezeke. Anawajibu hapo hapo, na foleni inakwenda haraka kuliko nilivyowahi kuiendesha mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimerudi kutoka sokoni nimekuta mtu kwenye chumba cha uani. Mwanamke mgeni, kijana bado, miguu imevimba mpaka viatu havifungiki. Anaitwa Pulane. Alikuja kwenye supu Jumanne akamuuliza Disebo wapi mtu anaweza kulala, na Disebo akamleta. Hakuniuliza, wala hakunigongea hata mlango. Amemtandikia upande wa dirisha.

Nilimwita Disebo nje. Nilisema mengi, na mengine ni ya Lefa neno kwa neno: mtu wa mtaani na mtaa wake. Nikamwambia hii ni nyumba yangu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Siku ile mbele ya akina mama ulisema uani ndipo kwangu. Uliwaambia wao tu, au uliniambia na mimi?"

Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Puseletso nikitaka aniunge mkono. Nilimweleza yote. Nilidhani atasema alituonya. Aliendelea kukunja nguo za wajukuu wake. Mwishowe akasema nilimfundisha mwezi uliopita kwamba ukuta wa reli ni kwa mtu, na ilimchukua siku nyingi kukubali. "Sasa chumba chenye tofali na mlango ndicho unachotaka kisiwe kwa mtu?"

Nikamwambia tofali ni langu. Akasema ndiyo, ni lako. Kisha akanipa shuka nimshikie ncha.

Njiani nilitembea polepole. Nilikuwa nahesabu hasira zangu na nikaona kubwa kuliko zote si ya Pulane. Ni kwamba Disebo hakuniomba. Nimezoea kuombwa. Tangu Mei mpaka leo nimekuwa mtu mwema kwa sababu geti liko upande wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Vumbi jekundu mchana kutwa, mji hauonekani. Niliwasikia wakikohoa kule uani, vikohozi viwili tofauti, na baadaye Disebo akamfundisha yule msichana wimbo, akimrudisha kila anapopotea.

Lefa alipiga simu, nikamwambia chumba kina watu wawili. Akaguna. Akauliza kama kuna blanketi za kutosha. Nikasema hakuna. Akasema atatuma moja.

Jioni nilitoa kabatini blanketi la marehemu mume wangu, nikavuka uwanja. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haujafungwa, na ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Mlango ule niliununua mimi, na bawaba zake nilizishika mimi Lefa akipiga misumari. Nikasimama nje, upepo ukinipiga mgongoni.

"Hodi," nikasema.

Nikasubiri, blanketi kifuani, mpaka Disebo aliponiambia karibu.